Boila inashuka presha kila asubuhi? Usikimbilie kujazia maji

Naandika hapa Ngamiani, niko likizo Tanga, na mdogo wangu mtoto wa mama mdogo anaondoka kwenda kusoma Uingereza, anaingia na baridi ileile iliyonifundisha adabu, kwa hiyo nimeona niandike na wengine mliopanga kule msome.

Ya kawaida nayapitisha haraka. Boila ni ile mashine inayopasha maji na kuyazungusha kwenye radieta, yale mabati ya ukutani yanayotia joto nyumba. Ikiwa imepoa mshale wa geji ya presha ukae kati ya bari 1 na 1.5. Ikiwaka unapanda kidogo, hata karibu na 2, usishtuke. Ukishuka sana boila inagoma. Kujazia ni kufungua valvu za kile kimpira cha waya chini yake, taratibu, ikifika 1.5 unafunga zote mbili. Basi.

Sasa mimi nilijazia kila asubuhi karibu miezi miwili. Kila asubuhi! Akili ya simtank, maji yakipungua unajaza unaendelea na maisha. Jamani boila si simtank. Maji ya mle ndani ni yaleyale yanazunguka kwenye radieta, hayatakiwi kupungua, na kila ukiongeza mapya unaingiza oksijeni mpya, radieta zinaota kutu kwa ndani na kutengeneza tope jeusi. Kujazia mara moja baada ya miezi si neno, ila kila siku ni ugonjwa, usijazie tu ukanyamaza.

Nikaita fundi, akaniambia bomba linavuja chini ya sakafu, mbao za sebuleni zikang'olewa, hakuna hata tone, na paundi 400 nikalipa mimi na nyumba wala si yangu. Fundi wa pili akauliza swali moja tu, usiku ikiwa ya moto mshale unafika wapi? Sijawahi kuangalia. Nilikuwa naangalia asubuhi peke yake. Tukaiwasha, tukasimama pale, ukapanda mpaka 3.

Iko hivi, maji yakipata moto yanatanuka, na kuna kopo lenye mpira katikati, huku maji huku hewa, ile hewa ndo inayoyapa nafasi. Hewa ikiisha maji hayana pa kwenda, presha ikigonga 3 valvu ya usalama inafunguka na kuyatema nje kwa kibomba cha shaba kinachotokea ukutani. Boila ikipoa maji yameshapungua, mshale sifuri, unajazia, usiku yanatemwa tena. Yaani nilikuwa najaza maji ya kwenda kumwagwa uani. Lile kopo lina valvu kama ya tairi la gari, fundi akapunguza maji akalijaza upepo kwa pampu, sisi tuliokulia kwenye baiskeli Tanga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Fundi akibonyeza kipini cha valvu hiyo yakatoka maji badala ya hewa, mpira umechanika, linabadilishwa.

Lakini kifuniko cha boila usifungue mwenyewe. Ita fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi gesi wa kule, na mwombe kitambulisho, haoni vibaya.

Na kama umepanga, usilipe kama mimi. Sheria ya kule ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze boila. Mimi nilimpigia wakala wa mwenye nyumba simu mara tatu, kwa heshima zote, nikidhani tumeelewana kama unavyomfuata mwenye nyumba hapa barazani mkaongea yakaisha. Kule mdomo hauna uzito, wanaheshimu maandishi. Sipendi maisha ya namna ile, ila ndo yalivyo. Tuma imeili yenye tarehe na picha mbili za geji, ya asubuhi imepoa na ya usiku ina moto. Mbili, usitume moja.

Mama mdogo naye, nampenda, kamwambia mwanawe boila ikifa awashe jiko la mkaa chumbani. Mama, hapana. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo, kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu, mtu analala haamki. Anunue hita ya umeme, avae sweta mbili, amsubiri fundi.