Theluji ya kwanza, skii na mbwa wako
Kama unavutwa na mbwa kwa skii (vibao virefu vya miguuni vya kutelezea thelujini) kwenye njia za milima ya Colorado, Marekani, theluji ya Novemba isikudanganye: ni nyembamba, na chini yake kuna mawe na visiki. Vaa skii za zamani, ila kamwe zisiwe zenye kingo za chuma. Ukimparamia mbwa kwenye mteremko, kingo hizo zinamkata miguu vibaya sana. Kamba kati yako na mbwa iwe ya kunyumbulika, ya mita 2.5 hivi, na kwenye mkanda wako wa kiunoni ifunguke kwa mkono mmoja. Mteremko mkali? Mfungue kabla hujaanza kushuka. Simama mara kwa mara utoe barafu katikati ya vidole vyake. Akianza kujilamba nyayo, mvalishe viatu vyake.