Somo: Mjue samaki kwanza, fimbo iwe ya mwisho

Wengi wanaoanza kuvua hapa Moshi huanzia kwenye fimbo. Mtu anaona fimbo inang'aa dukani, anailipia, kesho yake yuko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na ndoano kubwa aliyopewa nayo. Anashinda juani tangu asubuhi, perege wanamlia chambo, jioni anarudi mikono mitupu. Nawasihi mnunue kwa kurudi nyuma: samaki, ndoano, mshipi (uzi wa kuvulia), halafu fimbo.

1. Unamtaka nani? Bwawa lile lina perege na lina kambare, na hawa wawili hawafanani hata kidogo. Perege ana mdomo mdogo, anadonoadonoa mchana kando ya majani. Kambare ana mdomo mpana, anatambaa chini kwenye tope akitafuta chakula kwa ndevu na harufu, na usiku ndio wakati wake.

2. Ndoano. Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Namba zinakwenda kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Ukishapita 1 hesabu inageuka, 1/0, 2/0, 3/0, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Kwa perege chukua 8 au 10. Kwa kambare, 1/0 au 2/0 yenye chuma kinene. Kabla hujalipa, weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba uivute taratibu bila kukandamiza. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mweupe, ni kali. Ikiteleza, irudishe.

3. Mshipi. Wa nailoni wenye unene wa milimita 0.20 hadi 0.25 unamtosha perege. Kambare mpe 0.40 hadi 0.50. Usinunue uliotundikwa dirishani, maana jua linaua nailoni polepole huku kwa macho ikionekana mpya. Niliwahi kununua wa namna hiyo mjini. Kambare wangu mkubwa kuliko wote alifika hatua mbili kutoka ukingoni, mshipi ukakatika kama uzi wa kushonea. Hadi leo nikishika mshipi mpya nakata kipande cha mkono mmoja na kukivuta kwa nguvu kwanza.

Fundo nalo ni sehemu ya mshipi. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi mara tano au sita, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu, ulowanishe kwa mate, ndipo ukaze. Ukikaza kukavu, nailoni inapata joto la msuguano na kudhoofika palepale.

4. Chubwi na boya. Chubwi ni kile kizito kinachozamisha ndoano. Perege anataka dogo kama punje ya mtama, na boya jepesi. Kwa boya, kipande cha kandambili iliyokwisha kinafaa kabisa. Kambare hahitaji boya. Mpe chubwi zito likalale chini.

5. Fimbo. Kwa perege, mwanzi mkavu wa mita tatu au nne unatosha, bila rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi). Kambare ndiye anayetaka fimbo ngumu ya mita mbili hivi, yenye rili. Legeza breki ya rili kiasi, ili akivuta kwa kishindo mshipi utoke badala ya kukatika.

Chambo hakina gharama: nyungunyungu wamejaa chini ya migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na perege hula pia kidonge cha ugali. Kambare mwekee utumbo wa kuku.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisinunue wavu tu, nipate wengi kwa mara moja?*

Marahaba. Wavu ni kazi ya mvuvi mwenye leseni, na matundu yake yana kipimo cha kisheria. Nyavu za timba (za uzi mmoja wa nailoni), makokoro (nyavu za kukokota) na vyandarua vimepigwa marufuku kwa sababu vinazoa hata vifaranga. Bwawa lile limewahi kufungwa ili samaki wazaliane, na waliolala njaa ni majirani zetu. Hata kwa ndoano, pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri umuulize utaratibu.

*Desemba naenda Tanga. Fimbo ya kambare itafaa baharini?*

Kwa changu wa kwenye miamba itafaa, ila ongeza uzito wa chubwi na ubebe ndoano za akiba, maana miamba inazila. Ukimtaka nguru, funga kipande cha waya mbele ya ndoano, kwani meno yake yanakata nailoni. Kila jioni osha rili kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe, la sivyo itashika kutu kabla hujapanda basi la kurudi.

*Mwanangu ana miaka tisa, anataka kuja nasi. Nimnunulie nini?*

Mama, mwanzi mfupi, mshipi uliolingana na urefu wa mwanzi, ndoano namba 10. Asimame mbali na maji, wala asiingize mguu: bwawani kuna mamba na viboko. Na kabla hujampa ndoano, kibane kile kijino cha nyuma ya ncha kwa koleo mpaka kilale. Perege atanasa vilevile mtoto akiuweka mshipi umekazika, na ndoano ikimchoma mtoto kidoleni inatoka ilikoingilia, bila kuchana nyama.