Somo: Ramani moja ya zoezi la mafuriko, hatua kwa hatua

Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, wilaya yetu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, haikukosa habari. Kila mtu alikuwa nayo: "maji yako pale darajani", "nyuma ya kanisa", "kwa yule mama wa samaki". Mwenyeji ameelewa. Dereva wa ambulensi aliyetoka Fort Portal hajaelewa kitu. Ndiyo maana tunataka ramani moja inayotazamwa na wote, na tuizoee siku ya jua kabla ya siku ya maji. Tutatumia uMap: ni ya bure, hufunguka kwenye kivinjari, na ramani yake ya chini ni ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea.

1. Fungua ramani mpya, ikiwezekana kwa kompyuta, maana kwa simu vidole vitakuchosha. Jisajili kwanza. Asiyejisajili hupewa linki ya siri ya kuhariri, na akiipoteza hawezi tena kugusa ramani yake. Jina lianze na neno ZOEZI. Mimi nililisahau neno hilo mara moja tu. Nilituma linki kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ndani kuna pini, yaani alama ya mahali, imeandikwa "wawili hawajaonekana". Chai haijapoa, napigiwa simu kutoka Kampala, watu wanalia wanauliza ndugu zao. Tangu hapo kila pini ya mazoezi ina ZOEZI mbele, na redioni pia tunaanza na kumaliza kwa neno hilo.

2. Gawa ramani kwa matabaka manne (layers), yaani makundi ya pini: hatari, makimbilio, vikosi, na taarifa zisizothibitishwa. Hilo la mwisho hudharauliwa, lakini ndilo linalookoa petroli. Kila kinachopigiwa simu kinaingia humo kwa rangi ya kijivu. Hakihamii kwenye tabaka la hatari mpaka mtu tunayemjua akione kwa macho yake.

3. Namba za mahali. Hapa tukae kidogo, kwa sababu Ikweta inakata wilaya yetu. Kilembe iko kaskazini yake, Katwe iko kusini. Mji wa Kasese uko karibu na latitudo 0.18, longitudo 30.08. Ukiweka alama ya kutoa isiyohitajika, yaani -0.18, pini inahama kilomita 40 hivi na kuangukia upande wa Kyambura, kwa sokwe. Bado ni Uganda, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mwenzetu wa Dodoma akikosea hivyo pini yake inatua Ethiopia na analiona kosa papo hapo. Sisi hatuna bahati hiyo. Ukizipindua namba zenyewe, 30.08 ikatangulia, utajikuta jangwani Algeria; hilo angalau linachekesha. Andika desimali tano: hapo umefika kwenye mita moja. Desimali tatu zinakuacha na mita mia na kitu, na kwenye bonde lenye maji hizo ni ng'ambo mbili tofauti.

4. Mwenye kalamu ni mmoja. Wengine wote watazame tu. Vikosi vikiwa vingi, kila kimoja kipewe tabaka lake na mwandishi wake, la sivyo mmoja atahifadhi juu ya kazi ya mwenzake.

5. Mtandao utakatika. Pakua ramani kama faili la KML, lifungue kwenye programu ya simu ya Organic Maps ambayo hufanya kazi bila bando, kisha chapisha nakala za karatasi.

6. Siku ya zoezi, andika matukio kwenye karatasi na uyafunge ndani ya bahasha, kila moja na saa yake. "Saa 4:10, daraja halipitiki." Pima dakika kutoka simu kulia hadi pini kuonekana, na kutoka pini hadi bodaboda kufika. Namba ya pili ndiyo itakayowaumiza kichwa.

MASWALI

Boda wa Hima: Mwalimu, si tushirikishane tu mahali tulipo kwa WhatsApp?
– Kwa kumfuata mwendeshaji mmoja inafaa, kaka, kwa muda usiozidi masaa manane. Lakini inakula betri, na haisemi daraja limekatika wapi.

Dada wa Bwera: Majina ya waliookolewa tuyaweke kwenye pini?
– Hapana, dada yangu. Weka idadi tu. Majina yabaki kwenye daftari la Msalaba Mwekundu. Na kwenye mipangilio, ramani ionekane na wenye linki pekee.

Afande mstaafu: Hii itachukua nafasi ya kupiga 999?
– La, afande. Kwanza 999 au 112, ndipo pini. Na kamati ya maafa ya wilaya ipewe linki kabla ya zoezi, wasije wakaisikia redioni.

Kijana wa Kilembe: Kijiji chetu hakina hata njia moja kwenye ramani!
– Basi kichore. OpenStreetMap inapokea mchango wa yeyote. Anza na njia za miguu na vivuko, kwa sababu picha ya setilaiti haimwambii mgeni ni kivuko kipi kinapitika wakati wa mvua.

Mzee, mwenyekiti wa kijiji (LC1): Mimi nina simu ya tochi tu. Niende nyumbani?
– Mzee, kaa hapahapa, wewe ndiye jicho letu. Ile nakala ya karatasi tumeichora miraba, herufi juu na namba pembeni, nasi tunayo kama hiyo mezani. Ukiona maji, piga simu useme "D4, ng'ambo ya shule". Pini tutaiweka sisi.