Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Kutazama Ndege Mbuai Batumi

Kati ya safari zote ambazo mtazamaji wa ndege wa Afrika Mashariki anaweza kuzifunga nje ya bara hili, ile ya Batumi ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, kwa sababu wengi wa ndege wanaopita huko ni wageni wetu wa kila mwaka. Mji huo uko nchini Georgia, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, mahali ambapo milima inasogea karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba wa nchi tambarare. Ndege mbuai wakubwa husafiri kwa kupanda na hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza mbali bila kupiga mabawa. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, na milimani mawingu na mvua huwafungia njia, kwa hiyo hulazimika kupita katika ukanda huo mmoja. Wahesabuji ambao wamekuwa wakitazama anga huko tangu mwaka 2008 huandika zaidi ya ndege milioni moja katika msimu mmoja.

Jambo la kwanza, ambalo mengine yote hulifuata, ni tarehe. Watu wengi huanza kwa kuangalia likizo yao inaangukia lini, kisha hutafuta ndege wa kuona katika siku hizo. Kwa Batumi mpango huo lazima ugeuzwe. Msimu huanza katikati ya Agosti na kuendelea hadi Oktoba, lakini kila spishi ina wiki zake. Pernis apivorus, mbuai anayefukua viota vya nyigu ili ale majana, hupita kwa wingi mkubwa mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, na katika siku njema makumi ya maelfu yao huvuka mbele ya macho yako. Mwewe na shakivale wa nyika huongezeka kadiri Septemba inavyosonga. Anayetaka kuwaona tai wakubwa, akiwamo tai wa nyika ambaye sisi humkuta kwenye mbuga zetu miezi michache baadaye, asubiri mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kwa hiyo amua kwanza ni ndege gani unayemtamani zaidi, ndipo ukate tiketi. Usipange kukaa chini ya wiki moja, kwa maana mvua ya siku mbili mfululizo ni jambo la kawaida katika mji huo.

La pili ni kujifunza maumbo ukiwa bado nyumbani. Mazoea ya kumtambua ndege kwa rangi ya manyoya hayatakusaidia sana pale anapopita juu mno, akiwa kivuli cheusi mbele ya wingu jeupe. Jifunze jinsi kila mmoja anavyoshika mabawa yake. Pernis anayeteleza huyaweka mabawa sawasawa au huyainamisha kidogo, kichwa chake ni chembamba na kimechomoza mbele, na mkia wake ni mrefu. Shakivale anayezunguka huyainua mabawa kidogo na kichwa chake ni kifupi. Mwewe hupinda mkia huku na huku kama usukani. Ugumu huanza Septemba inapoendelea, wakati Pernis wachanga wanapofuata nyuma ya wazazi wao, kwani hao hufanana na shakivale kiasi cha kuwatatiza hata wazoefu. Mazoezi bora yanapatikana hapa kwetu: kila siku tazama mwewe wa mjini akizunguka, mpaka uweze kumtambua akiwa mbali bila kuinua darubini.

Kuhusu vifaa, darubini inayokuza mara nane au mara kumi, yenye vioo vya mbele vya milimita 42, inatosha kabisa. Ukuzaji mkubwa zaidi hutikisika mkononi. Teleskopu yenye miguu mitatu ni ya manufaa kwa ndege wa mbali, lakini kama mzigo unakulemea, iache kabla ya kuacha koti la mvua. Beba pia kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kukinga ngozi na jua, na kiti chepesi cha kukunja au mkeka wa kulalia chali, kwa sababu shingo inayoinuliwa kuanzia asubuhi hadi jioni huuma kweli. Soketi za umeme za Georgia ni za pini mbili za mviringo, hivyo chaja ya pini tatu za bapa itahitaji adapta.

Nyaraka hazihitaji maneno mengi. Masharti ya viza hutegemea pasipoti yako na hubadilika, basi yathibitishe kwa ubalozi miezi kadhaa mapema, na ukate bima ya afya inayotambulika huko. Wengi wetu tutapitia Istanbul au miji ya Ghuba. Anayeshukia Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, anaweza kumalizia safari kwa treni kwa takribani saa tano. Badilisha fedha upate lari, sarafu ya Georgia, taslimu kabla ya kupanda vijijini.

Vituo vya kuhesabia viko juu ya vijiji vya Sakhalvasho na Shuamta, na ningependa kila mgeni alale katika nyumba za wenyeji badala ya hoteli za mjini. Uwindaji wa mbuai kwa bunduki umekuwa tatizo la muda mrefu katika eneo hilo, na familia inayopata kipato kutokana na watazamaji ina sababu ya wazi ya kutaka ndege hao wapite salama. Utakutana pia na watu wanaofuga vipanga kwa ajili ya kuwinda tombo, desturi ya kale ya mkoa huo wa Adjara. Sikiliza na uulize kwa adabu kabla ya kutoa maoni. Kituoni simama nyuma ya wahesabuji, usiwasemeshe wakati kundi linapita, na subiri anga litulie ndipo uombe msaada wa kutambua ndege uliyemwona.