Kusoma tetemeko la ardhi: kutoka namba ya redioni hadi ufa ulioteleza

Tetemeko likitokea, kinachotangazwa kwanza ni namba: "5.9 katika kipimo cha Richter." Namba hiyo peke yake haikuelezi lililotokea. Tetemeko ni mwamba mmoja kuteleza ghafla dhidi ya mwingine kwenye ufa, na ili ulielewe unahitaji kujua ufa huo umekaa wapi, uko kina gani na uliteleza kuelekea upande gani. Karibu yote hayo yamo katika taarifa ambazo Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS) huweka wazi mtandaoni, ukijua pa kutazama.

Anza na saa. Taarifa hutumia saa za UTC (saa za kimataifa), kwa hiyo ongeza 3 kupata saa za Afrika Mashariki. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 limeandikwa 12:27, yaani saa tisa na dakika 27 alasiri. Tetemeko lililoandikwa 21:00 au baadaye huku kwetu tayari ni siku inayofuata, na ndiyo maana orodha mbili za tetemeko lilelile hutofautiana tarehe.

Kwenye ukubwa, tazama herufi zilizo kando ya namba. Mw hukokotolewa kutokana na eneo la ufa lililoteleza na umbali lilioteleza. Ms hutokana na mawimbi yanayosafiri juu ya ardhi, na utaikuta sana kwenye matetemeko ya zamani. Usizilinganishe kana kwamba ni kipimo kimoja. Kumbuka pia kwamba hatua moja ya ukubwa, kama kutoka 5 hadi 6, ni nishati mara 32 hivi, na hatua mbili ni mara 1,000.

Kina ndipo wengi hukosea. Ukiona kilomita 10 kamili, mara nyingi hicho si kipimo: vituo vya kupimia mitetemeko vilikuwa mbali mno, wataalamu wakaweka kina cha kudhania tu. Katika orodha za zamani utaona 33 kwa sababu hiyohiyo. Tetemeko la Kagera lilikadiriwa kuwa na kina cha kilomita 40 hivi, na hilo lina maana kubwa. Mwamba uliovunjika chini kiasi hicho, kwa ukubwa wa 5.9, haufikishi mpasuko wake juu, ila mtikisiko husambaa mbali; ulisikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya. Kwa hiyo nyufa za udongo zinazoonekana kwenye miteremko baada ya tetemeko la namna hiyo usiziite "ufa wenyewe". Kwa kawaida ni udongo uliolegea ukateremka.

Sasa tafuta mchoro wa duara wenye sehemu za rangi na nyeupe, unaofanana na mpira wa ufukweni. Nyeupe ikikaa katikati na rangi pembeni, ardhi ilikuwa ikivutwa na upande mmoja ukashuka: ndiyo hali ya kawaida ya Bonde la Ufa. Rangi ikikaa katikati, ardhi ilikuwa ikibanwa. Duara likigawanyika vipande vinne kama msalaba, pande mbili zilipishana kiulalo. Mchoro huo hutoa nyufa mbili zinazowezekana, na wenyewe hauwezi kukuambia ipi ndiyo iliyoteleza. Ili uchague, panga kwenye ramani mitetemeko midogo iliyofuata uone imejipanga mstari upi, kisha linganisha na kuta za bonde zinazojulikana.

Mfano mzuri kuliko yote kwa anayejifunza ni Subukia, Kenya, 6 Januari 1928, ukubwa wa 6.9. Hapo ufa ulitoboka hadi juu kando ya ukuta wa Laikipia na Marmanet, kwa urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine ardhi ilishuka kama mita 2.4. Urefu huo unaendana na ukubwa wake: tetemeko la 6 huvunja takribani kilomita 10 za ufa, la 7 hukaribia kilomita 40 hadi 50. Fanya hesabu ndogo. Bonde linapanuka milimita chache tu kwa mwaka. Ukichukua 3, mita 2.4 ni akiba ya miaka 800, na zaidi ikiwa nyufa kadhaa zinagawana mwendo huo. Ufa uliokaa kimya tangu enzi za mababu haujafa.

Angalia pia mpangilio wa mitetemeko. Kwa kawaida kubwa hutangulia, na kubwa kuliko zote zinazofuata huwa pungufu kwa hatua moja hivi. Karibu na mlima Gelai, Tanzania, Julai 2007, haikuwa hivyo. Mitetemeko ilianza midogo, ikaongezeka, na ile ya 5.9 ikaja tarehe 17, siku kadhaa baada ya ya kwanza. Mitetemeko hiyo ilihusishwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyojipenyeza ardhini kama ukuta mwembamba, pamoja na ufa ulioteleza. Septemba mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai, jirani yake, ukaanza kulipuka kwa nguvu. Kundi la mitetemeko lisilo na mkubwa wa wazi, karibu na volkano, lifuatilie kwa makini.

Kwa matetemeko ya zamani zaidi punguza imani kwenye nukta ya ramani. Lile la Rukwa la 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa 7.4 hivi, lilipimwa na vituo vichache vilivyokuwa mbali sana, hivyo kitovu chake kinaweza kuwa kimekosewa kwa makumi ya kilomita. Badala ya nukta, chora duara la kilomita 50, kisha orodhesha kila ufa mrefu unaopita ndani yake. Ulio mfupi kuliko kilomita 40 uuondoe kwenye orodha, isipokuwa kama umeungana na mwingine.