Somo: Kununua kadi za zamani za besiboli soko likiwa limepoa

Wakuu, hili ni somo la kununua kadi za picha za wachezaji wa besiboli kwenye maonyesho ya kadi, ukumbini ambamo kila muuzaji ana meza yake. Mnaokumbuka 2021, kadi zilipopanda bei, mnajua: muuzaji akitaja bei, ulipe au aliye nyuma yako aichukue. Soko likipoa, mali inalala mezani na muuzaji ndiye anayekuita. Hapo ndipo pa kwenda, ila ujipange.

1. Chagua unachotaka ukiwa nyumbani. Mimi ni kadi za Topps (kampuni ya Marekani inayochapa kadi hizi) za 1952 hadi 1956 tu. Andika bei ambazo kadi hizo zimeuzwa kweli eBay karibuni, siyo bei wanazoomba. Bei za stika mezani huchelewa kushuka, maana mwenye mali alinunua ghali na roho inamuuma.

2. Beba keshi, rula, tochi ndogo na kioo cha kukuza mara kumi.

3. Zunguka ukumbi mzima kwanza, mikono mfukoni.

4. Kagua. Hapa msiwe na haraka. Omba ruhusa ya kuitoa kadi kwenye kifuko chake. Topps za 1952 hadi 1956 zina inchi 2⅝ kwa 3¾. Kuanzia 1957 ni 2½ kwa 3½. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952 kwa kipimo hicho kidogo, kwa hiyo hata mtu akikwangua maandishi ya nyuma yanayosema ni nakala, rula inamaliza ubishi. Kisha ilaze kadi usawa wa jicho, uangalie makali yake. Karatasi ya miaka sabini ina rangi ya chai. Upande uliokatwa upya ili kona zionekane mpya unabaki mweupe na mkali kama wembe. Nilipigwa hivyo kwenye kadi ya mchezaji Roberto Clemente ya 1955, namba 164. Kona zilinivutia, rula ikabaki mfukoni. Nilipoipeleka kwa kampuni inayopima ubora wa kadi, ikarudi bila gredi (alama ya 1 hadi 10), maana ilikuwa imekatwa. Pesa ile siitaji, mke wangu anasoma humu.

5. Patana. Waliowahi kuchagua mitumba soko la Karume, Dar, hawahitaji somo hapa. Kamata kadi tatu za meza moja, uliza: "Zote hizi, keshi, unanifanyia ngapi?" Usiiponde kadi ya mtu mbele yake. Jumapili alasiri, wakianza kufunga maboksi, ndiyo saa yenyewe.

Maswali

Swali: Kadi iliyokwisha kupimwa, iliyo kwenye kasha la PSA au SGC (kampuni za kupima kadi), nayo nikague?
Jibu: Ndiyo, makasha bandia yapo. Ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe na kadi uliyoshika, na picha ikiwepo itazame. Pia gredi 4 mbili hazifanani: picha ya moja imekaa katikati ya fremu, ya nyingine imeegemea upande. Lipia kadi, siyo namba.

Swali: Kadi ya Mickey Mantle ya Topps 1952, ile maarufu, nitaiweza sasa?
Jibu: Ndugu yangu, moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Hata iliyokunjwa inakula bei ya gari. Anza na 1956, kona zilizoliwa, majina makubwa.

Swali: Nina mtoto wa miaka tisa, nije naye?
Jibu: Mlete, na noti chache za dola moja za kununulia kadi za bei rahisi kwenye maboksi ya chini ya meza. Mnawishe mikono kwanza. Wangu alipewa kadi mbili bure kwa kusalimia tu. Mimi kwenye meza hiyohiyo sikupunguziwa hata senti.