Moto wa kwanza katika tanuri jipya la kuni na magadi

Katika tanuri hili, mvuke wa magadi ndio unaovipa vyombo ngozi ya kioo. Moto wa kwanza ni wa tanuri, si wa vyungu. Panga humo vyombo usivyovililia.

Anza kwa kulikausha. Jua la Dodoma hukausha ngozi ya nje tu. Maji hubaki ndani ya kuta. Washa moto mdogo mdomoni kutwa nzima, mlango wazi. Shika kioo baridi kwenye tundu la kuchungulia: kikitoa umande, bado.

Rafu zipake kaolini, udongo mweupe (wa Pugu ni mzuri), na alumina, unga mweupe usioyeyuka kirahisi, nusu kwa nusu. Kila chombo kikalie vidonge vya mchanganyiko huo, la sivyo magadi yatakigandisha kwenye rafu. Udongo wetu mwekundu wa mitungi usiuingize, utalegea na kuyeyuka. Tafuta unaohimili nyuzi 1280.

Pandisha moto taratibu mpaka upite nyuzi 600, maana kwenye 573 kwatzi, yaani chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo, hutanuka ghafla na chombo hupasuka. Baada ya hapo lisha kuni nyembamba, kavu, kidogo kidogo. Mgunga una joto, ila makaa yake hujaa na kuziba hewa, kwa hiyo chokoa. Matawi ya mwarobaini yaliyopogolewa yanatosha kumalizia. Mbuyu achana nao, ni maji matupu.

Koni ya 8 (kijiti cha kupimia joto, hulegea likifika kiwango chake) ikiinama, yaani karibu nyuzi 1260, nyunyiza magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto kupitia matundu ya ubavuni, kwa awamu, ukivaa miwani na glavu. Kila awamu vuta kwa nondo pete moja ya udongo, kati ya zile ulizopanga ndani kama kipimo, uitazame. Mvuke wa magadi huungana na silika ya udongo kuwa kioo, lakini matofali mapya nayo yanaunyonya, hivyo pete zitatoka zimefifia. Usipandwe na hasira ukamwaga mengine. Mioto ijayo itahitaji magadi pungufu kuliko huu.

Ziba kila tundu, na usifungue mpaka mkono uvumilie.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Magadi ya mawe ya sokoni, ya kulainishia maharage, yanafaa?*

Marahaba. Yanafaa, ila mara nyingi yana chumvi, na chumvi ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Simama upepo unakotokea, na watoto wasisogee.

*Mimi nina matofali mepesi, yanatunza joto vizuri. Nijengee yote?*

Ndani hapana, dada. Magadi huyatafuna. Yaweke nyuma ya yale mazito.

*Na tofali za kuchoma za mtaani?*

Juu ya dohani sawa. Kwenye chumba cha moto zitayeyuka.